Kioo cha Mzee wa Masumbwe

Ijumaa, saa kumi alasiri. Jua kali, upepo umekufa kabisa. Kuku wamelala ubavu chini ya ghala kama waliopigwa. Magoti yananiuma, nitaeleza kwa nini.

Mwalimu wa kisomo alituambia sisi wazee tuandike kila siku, hata mstari mmoja, tusije tukasahau herufi. Wenzangu wameacha. Wanasingizia macho. Macho gani? Uvivu tu. Mimi naandika, na asiyependa mwandiko wangu asisome, daftari ni langu.

Leo naandika uovu wangu. Uovu wa mtu mwingine naweza kuusemea hata gulioni, ila wa kwangu ni mzito mdomoni.

Kesho mjukuu wangu Kabula anaolewa. Nilimwahidi tangu yuko darasa la nne kwamba ataenda kanisani Shinyanga kwa Benzi ya babu yake. Hapa Tinde mabibi harusi wanapanda lori la pamba, wanafika vumbi kichwani utadhani wamefukuliwa. Mjukuu wangu mimi? Hapana.

Gari lenyewe zee. Marehemu mume wangu alilinunua kwa tajiri mmoja wa pamba aliyekuwa anahama. Jeusi, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unasema "pu" kama mtu aliyeshiba. Tangu mume wangu afe, analiendesha na kulitengeneza Masanja, aliyekuwa dereva wake. Fundi mzuri huyo, ila anaongea na gari kuliko anavyoongea na watu.

Mwezi uliopita kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilivunjika. Nimewaambia watu ni fahali wa jirani, kaingiza pembe. Jirani kaja kuomba radhi, na mimi nikaipokea radhi yake bila haya. Si kweli. Ni mimi. Nilitupia jembe kiti cha nyuma, mpini umetokeza, nikabamiza mlango kwa hasira. Kioo chote kikamwagika kama mahindi kwenye ungo.

Sasa kioo cha Benzi utakipata wapi, wakati sabuni tu tunaipangia foleni? Masanja alikwenda Shinyanga mjini, hakuna. Akaandika barua Mwanza, hakuna. Tukaziba kwa gunia. Bibi harusi aende kanisani na gunia?

Ndipo Masanja akasikia kuna gari kama letu, umri uleule, limelala nyuma ya gereji moja huko Masumbwe. Lilipinduka, upande wa dereva umebondeka, lakini kioo cha nyuma kushoto kizima. Mwenye gari alikuwa mzee aliyetajirika kwa dhahabu ya Geita. Alifia humohumo, kwenye kiti cha nyuma.

Masanja alisita. Alisimama hapa mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, yule mzee matanga yake hayajaanuliwa. Vitu vyake havijagawiwa. Tungewauliza wenyewe kwanza."

Jambo hili hata mtoto analijua. Mtu akifa, kijiko chake hakitoki mpaka siku ya kuanua matanga, ukoo ukae, kila kitu kitajwe na kipewe mtu. Kabla ya hapo vitu bado ni vyake. Ukichukua, hujawaibia watoto wake. Umemwibia yeye.

Nilijua. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, matanga niliyokalia hayahesabiki. Nilijua na nikamjibu hivi:

"Maiti anaendesha gari? Nenda ukamalizane na mwenye gereji. Na usipite nyumbani kwa mtu."

Akaenda na debe la mchele, juu ya lori la pamba. Alirudi na kioo ndani ya blanketi, amekipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Jumatatu akakifunga. Nilisimama juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana fundi usipomsimamia anabakiza skrubu mfukoni. Akabandua ubao wa ndani wa mlango, akazoa chenga za kioo changu zilizojaa tumboni mwa mlango, bakuli zima. Akapaka mpira maji ya sabuni, sabuni yangu ya mwisho, akakitelezesha. Kikaingia.

Vioo vyetu vingine ni vyeupe. Hiki kina ukijani kidogo. Ukichungulia kupitia kwake, uwanja wangu mkavu unaonekana kama mvua inakuja.

Masanja akazungusha mkono wa kioo. Kikapanda, kikashuka, kikapanda. "Kimekaa," akasema. Lakini hakucheka, na alinawa mikono mara mbili.

Jumanne tukaenda Shinyanga kuchukua gauni kwa fundi cherehani. Masanja anaendesha, mimi kando yake, nyuma hakuna mtu. Wakati wa kurudi, tukikaribia kijiji cha kwanza, nikasikia upepo shingoni. Nikageuka. Kioo kile kimeshuka chenyewe, upana wa vidole vinne, hakikuzidi.

Kando ya barabara wasichana wawili walikuwa wamejitwika kuni. Walizitua, wakapiga magoti vumbini.

"Mwadila, guku!"

Hiyo ni salamu ya mchana, na guku ni babu. Nikakasirika. Nikamwambia Masanja, "Watoto hawa wana wazimu? Mimi nina ndevu?"

Masanja hakuondoa macho barabarani. "Hawakutazami wewe, mama."

Akasimama, akakipandisha. Tukapita porini, kikatulia. Tukakaribia watu, upepo ukanigusa tena shingoni. Mwanamke anapalilia akasimama, akakumbatia jembe kifuani, akainamisha kichwa. Mzee wa ng'ombe akavua kofia. Porini kinakaa juu. Penye watu kinashuka.

Nilisema ni mashine imelegea. Nilisema kwa sauti kubwa, kana kwamba kuna mtu nyuma amenibishia.

Hapa Tinde tukasimama kwa Mama Zena, muuza chai. Ni mwanamke mwelewa, si mpayukaji. Aliweka vikombe vitatu mezani.

"Cha tatu cha nani?" nikamuuliza.

"Cha mzee wa Masumbwe, mteja wangu. Leo hashuki?"

"Mzee wa Masumbwe kafa."

Akacheka. "Wacha utani, bibi. Kafa lini, na kanisalimia sasa hivi? Kaniuliza na hali ya Zena."

Halafu akaniangalia usoni, akaona sitanii. Akageuka kulitazama gari. Birika lilikuwa bado limeinama mkononi mwake, chai inajaa kikombe, inafurika, inateremka mezani mpaka miguuni kwake, na yeye hasikii moto.

"Angalia chai yako wewe!" nikamkaripia. "Sukari yenyewe ya kusaka, unaimwaga kama maji ya kufulia!"

Nilikunywa cha kwangu chote. Cha tatu sikukigusa, na yeye hakukiondoa.

Jumatano Masanja akaufungua tena mlango. Akakagua, akakaza, akatia grisi. Akaniita nione. "Mashine nzima, mama. Meno yote yamo. Sioni kilicholegea." Nikamwambia macho yake ndiyo yaliyolegea. Akaendelea kufuta grisi vidoleni. Mtu akikosa kunijibu huwa nafurahi, safari hii sikufurahi.

Sasa jana.

Jana nilimpeleka Kabula kwa padri, na mtoto alikaa nyuma, upande uleule wa kushoto. Wakati wa kurudi alikuwa anaimba nyimbo za kwaya, mimi namwambia asiimalize sauti kabla ya harusi. Tukaanza kuingia Tinde. Upepo, shingoni. Wimbo ukakatika.

Nikageuka. Kabula alikuwa anasogea. Taratibu, bila hofu, kama unavyosogea kwenye benchi la kanisa. Akakusanya khanga yake, akajibana kwenye mlango wa kulia, akaketi wima na mikono mapajani.

"Unafanya nini wewe?"

"Nampisha, bibi."

"Unampisha nani?"

Akanishangaa mimi. Kama mimi ndiye niliyefanya kituko. Kisha akatazama kiti kando yake, na nikaona uso wa mtoto wangu unabadilika rangi.

Masanja alikuwa hajasimamisha gari sawasawa, Kabula kashafungua mlango, kashuka. Akaja nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Nilipofika alikuwa ananisubiri ukumbini.

"Bibi, kile kioo umekitoa wapi?"

"Mwanza," nikasema.

Masanja akainamisha kichwa. Kabula akamwona. Akasema, "Basi sipandi. Nitakwenda kwa lori. Na wewe, bibi, kama huniambii ukweli, usije kanisani kunisindikiza." Akaingia chumbani, akafunga.

Mama yake Kabula alikuwa binti yangu. Alikufa Kabula ananyonya. Nimemlea kwa uji na fimbo, na sijawahi kumwona akinifungia mlango. Nilikaa kwenye kigoda nikijiambia atafungua. Hakufungua.

Leo alfajiri nilimwambia Masanja atie petroli ile ya akiba, twende Masumbwe. Hakuuliza kufanya nini. Alishaijua njia, na nadhani alikuwa ananingoja tangu Jumatatu.

Tulipopita Kahama kioo kilishuka na hakikupanda tena. Masanja alitaka kusimama akipandishe. Nikamwambia aache. Watu walikuwa wanainuka kando ya barabara, kijiji hadi kijiji, na mimi nimekaa mbele nimekaza shingo kama mwizi anayesindikizwa.

Mjane wa yule mzee ni kikongwe kunizidi mimi. Tulimkuta kwenye mkeka, nje ya nyumba ya bati, anapepeta choroko. Macho yake yana ukungu. Sijamwamkia mtu shikamoo tangu mama mkwe wangu afe, na nimezoea kusema marahaba tu. Lakini nilipiga magoti pale kwenye changarawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

Nikasema natoka Tinde. Nikasema jina la mume wangu, la baba yangu, na nililofanya. Sikumsingizia Masanja wala mwenye gereji. Nilisema nilijua matanga hayajaanuliwa, na nilikataza watu wake wasiulizwe, kwa sababu nilitaka mjukuu wangu aonekane.

Aliacha kupepeta. Nilingoja matusi. Mimi ningetukana.

"Kinashuka?" akaniuliza.

"Kinashuka."

Akainua mkono wake, akakunja dole gumba, akanionyesha vidole vinne. "Hivi?"

Nilikuwa sijamwambia. Masanja hakuwa amefungua kinywa. Jua lile la saa tano likawa kama la mahali pengine.

"Alikuwa anaogopa vumbi," mjane akasema. "Lakini alisema mtu anayepita amefunga kioo hana jirani. Kwa hiyo vidole vinne. Tulikuwa tunagombana, mimi nakohoa, yeye anasalimia."

Akaweka ungo chini. Kisha akanipa masharti, kwa sauti ileile, kama anayenielekeza njia. Jumapili ya wiki ijayo wanaanua matanga. Nije, nisimame mbele ya ukoo, nitamke kwamba nilichukua na sikuomba. Ukoo ndio utanipa kile kioo au utaking'oa pale pale. Mpaka siku hiyo ni cha mumewe.

"Na harusi ya kesho, mama?"

"Unaniuliza mimi? Kioo changu? Mwombe mwenyewe."

Nikaenda kwenye gari. Watu walikuwa wamekusanyika, watoto, wanawake wa jirani, mwenye gereji naye kaja na mikono yenye oili. Nikapiga magoti tena, mbele ya mlango wa nyuma, na jina langu lote na ukali wangu wote. Nikamwamkia. Nikamwambia nimekosa. Nikamwomba anipelekee mtoto wangu kanisani.

Sitaongeza chumvi. Sikusikia kitu. Kiti kilikuwa kitupu, ngozi imepasuka palepale ilipopasuka siku zote. Ila nilipoinuka, mjane alikuwa ameshaanza kupepeta choroko zake, kama mtu aliyeridhika kwamba wageni wake wameelewana.

Nimerudi. Nimesimama mlangoni kwa Kabula, nikamweleza kupitia ubao wa mlango. Nimemwambia na habari ya jembe pia, maana nilikuwa nimeshaanza.

Nikasikia kitanda kinalia. Kisha sauti yake.

"Umepiga magoti, bibi? Wewe?"

"Nimepiga. Mara mbili."

"Mbele za watu?"

"Hata mwenye gereji alikuwepo, na nguo zake chafu."

Nikasikia anacheka kidogo, au analia, sauti zao wasichana zinafanana. Akafungua. Macho mekundu.

"Basi nitapanda."

"Utakaa mbele na Masanja. Nimeshapanga."

Akatikisa kichwa. "Nitakaa nyuma, kulia. Atanisindikiza mtu mzima halafu nimwache peke yake kama mzigo? Hukunilea hivyo."

Nikachukua daftari, nikaja kukaa hapa ukumbini.

Wasichana wa kwaya wako uwanjani wanalifunga gari maua na matawi, makelele tupu. Namaliza kuandika, natoka kuwagombeza. Upande wa kushoto nyuma wasifunge kitu. Watu wa njiani watakuwa wengi kesho, na mzee atataka kusalimia.