Ndege Iliyozunguka Juu ya Wingu

Jumatatu, 10 Februari
Nimemgeuza baba, nimebadilisha shuka, nimekwenda shuleni kufundisha vipindi viwili, nimerudi. Uji kanywa vijiko vichache tu. Kila akizinduka anamtaka Damas. Mdogo wangu huyo kapiga simu kutoka Toronto: anakuja. Nikatafuta kwenye simu. Toronto hadi Dar, zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili, saa kumi na nne angani. Nikamwambia baba, "Keshokutwa utamwona." Akaomba anyolewe ndevu.

Jumanne, 11 Februari
Upuuzi mtupu. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Zile saa ni hesabu ya jiwe lililorushwa kule likaangukia huku. Damas atashuka Istanbul, akae kutwa nzima, ndipo apande nyingine. Kisha Dar, asubiri ya kuja huku Songea, nayo hairuki kila siku. Shangazi kanikaba koo: "Si ulisema keshokutwa?" Kwani mimi ndiye rubani?

Alhamisi, 13 Februari
Jana Damas kalala Dar. Leo nimekwenda uwanjani kumpokea. Mvua. Wingu limeshuka mpaka kwenye miti. Tuliisikia ndege juu yetu. Ikazunguka, ikazunguka tena. Hatukuiona. Ikarudi Dar naye akiwa ndani. Nimelia kwa hasira mbele za watu. Mtu kavuka nusu ya dunia, kashindwa kushuka hapa!

Nyumbani, mtaani kwetu Msamala, baba naye alikuwa ameisikia.

"Huyo si Damas?"

Nikasema ndiye.

"Mbona haingii?"

Nikamfunika shuka.

Ijumaa, 14 Februari
Damas kapanda basi alfajiri. Baba amefariki saa nne asubuhi.

Shangazi alitaka nisimwambie Damas mpaka afike. Nimekataa. Nimempigia, yuko Morogoro. "Dada, sasa nifanyeje?" Nikamwambia aje amzike baba yake. Nikakata simu. Nina hasira na wingu, na Istanbul, na yeye kwa kwenda kuishi huko. Na mimi kwa ile keshokutwa.

Jumamosi, 15 Februari
Aliingia jana usiku. Tumezika leo baada ya misa. Baba mdogo alituharakisha, mvua ilikuwa inakuja. Nilikuwa nimemwandalia Damas maneno makali. Tukitoka makaburini akaniuliza, "Aliniulizia?"

"Aliisikia ndege yako."

Yale maneno yangu nimerudi nayo nyumbani.

Jumapili, 16 Februari
Watu wamepungua. Shangazi anaosha masufuria. Damas kalala mkekani, viatu miguuni. Nikamvua. Miguu imevimba kwa kukaa safarini siku zote hizo, soksi zimeacha mitaro kwenye ngozi. Nimechemsha maji, nimetia chumvi, nimemkanda taratibu. Kaamka katikati. Kanisogezea mguu wa pili.