Chumba Kikubwa Tumekihamia

Baba Ilinca,

Zabibu tumevuna, ng'ombe kazaa, ila mwanao anakohoa. Watalii wa mama yako nao wamefika, mke na mume wa Kiholanzi. Wamekuja kuiona Moldova, eti nchi isiyo na watu. Sisi sijui ni kina nani.

Mama kawapa chumba kikubwa, kile chenye mazulia ukutani. Mimi na Ilinca tukahamia jikoni, chini ya paa uliloahidi kuziba. Nikasema, "Mama, mtoto ataumwa kifua." Akanijibu, "Wee mkwe, tangu lini wenyewe wakalala chumba cha wageni? Majirani watucheke?"

Jana uvumilivu uliniisha. Nikambeba mtoto, nikawagongea mlango. Yule mwanamke aliposikia kikohozi tu, akaanza kukunja shuka zake. Sasa wako jikoni, wanapiga picha ndoo inayokinga matone, wamefurahi kweli.

Mama hasemi nami. Akikulilia kwenye simu, usinitume nikaombe radhi. Ilinca kalala bila kukohoa, na chumba hiki hatutoki, hata siku utakapokumbuka kurudi kutoka Italia.

Nakupenda, lakini ndiyo hivyo.

Veta