Nimeibadilisha Pikipiki Yako Tairi

Mpendwa Baba,

Wanaosoma wasichanganyikiwe: mimi ndiye mzee, huyu ni mtoto wangu. Alipewa jina la marehemu baba yangu, kwa hivyo mtaani kwetu Manyatta tumemwita Baba tangu alipokuwa akikojoa kitandani. Naandika hadharani kwa sababu barua ya mkono nilikuletea mwenyewe, na askari wa geti lako huko Milimani kwa matajiri akasema bosi hapokei mizigo. Nikamwambia mimi si mzigo, mimi ndiye kiwanda. Hakucheka.

Unakumbuka ulivyoileta ile pikipiki ndogo, ubebe nayo abiria pale Kondele? Wiki haikuisha ukaanza kuilalamikia. Ulisema imekonda, inakuaibisha mbele ya wenzako. Tukaenda pamoja sokoni Kibuye kutafuta tairi la nyuma, mimi nikishika kiuno chako kama mchumba. Yule mama muuza tairi aliangalia gurudumu mara moja tu.

"Hii inavaa tatu kumi na saba," akasema. "Tatu ni unene, kumi na saba ni rimu."

"Nipe lile nene pale."

"Lile ni la pikipiki kubwa, Bwana. Kwa rimu litaingia, lakini litasugua kava ya cheni."

"Kava tutatoa."

Nikakuuliza, "Unataka kubeba abiria ama kubeba macho ya wasichana?" Yule mama alicheka mpaka akakalia tairi zake. Na wewe ulicheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Kicheko hicho nikikikumbuka siku hizi kinanikera.

Kava ukaikata kwa msumeno wa chuma, palepale mlangoni kwetu. Tairi likaingia, limebanwa kama mtu mnene kwenye kiti cha kanisa. Jumapili hiyo ulimbeba mama yako, amekaa upande, na cheni ikala leso aliyojifunga kiunoni mbele ya waumini wote. Alirudi nyumbani kwa miguu, ameshika sketi kwa mikono miwili. Nikangoja akugombeze. Akasema tu, "Sasa nitamgombezaje baba mkwe?"

Ndivyo tulivyokulea. Jina la babu lilikukinga. Mara nyingi nilitaka kukupiga kofi, lakini mtu akisikika amempiga baba yake, Manyatta yote inahamia kwake kusikiliza.

Halafu ukapata kazi ya ofisi, ukapata gari la vioo vyeusi, ukapanda Milimani. Pikipiki ukaiacha kwenye kibaraza chetu. "Nitakuja kuichukua," ulisema. Kutoka kwako hadi kwetu hata chai haiwezi kupoa njiani. Mama yako aliifuta vumbi kila asubuhi, na lile tairi nene likaisha upepo, likapasukapasuka kama kisigino changu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili hulijui. Magoti ya mama yako yamekwisha, na ana presha. Kliniki ni mbali kwake. Vijana wa boda anawaogopa, wanakimbia kama wameiba. Mtu wa pekee anayemwamini ni mimi, kwa vile naendesha polepole hata kuku wananipita. Nilimwambia tubadilishe tairi, turudishe kava, nimbebe. Akakataa.

"Kitu cha Baba hakiguswi. Akirudi aikute vile aliiacha."

"Ana gari, mama," nikamwambia.

"Gari ni la kazi. Hii ni yake."

Akawa anakosa kliniki, dawa zikaisha, na mimi nanyamaza. Juzi akaanguka jikoni, sufuria mkononi. Alipoamka alikuwa ananiita kwa jina la kaka yangu aliyekufa. Kesho yake nilienda Kibuye bila kumuuliza. Yule mama bado yupo.

"Mzee, yule kijana wa tairi nene yuko wapi?"

"Amenenepa yeye mwenyewe."

Nikanunua tatu kumi na saba, na kava iliyotumika, ina kutu kidogo. Fundi alipozungusha gurudumu, lilienda bila kugusa kitu, kimya kabisa. Nilitarajia kufurahi. Badala yake nilimwambia fundi moshi umeniingia machoni, na hakukuwa na moshi popote.

Usidhani nakuomba pesa. Shule niliiacha mapema, lakini najua kutofautisha mtu aliye mbali na mtu aliyekataa kuja. Wa mbali ningemsamehe.

Leo asubuhi mama yako alitoka na mfuko wake wa kliniki. Akasimama mbele ya ile pikipiki. Akaliangalia tairi jembamba, akaigusa kava, akalirudia tairi. Nikajifanya nakaza kioo.

"Na Baba akirudi," akauliza, "atapanda nini?"

"Atapanda nyuma, kama mgeni yeyote."

Kisha akakunja leso yake vizuri, akaniwekea mkono begani, akapanda.

Lala salama huko Milimani kwenye miti mingi. Nisalimie mke wako, ambaye hata jina lake tunaliulizia kwa watu.

Mimi, mzazi wako wa Manyatta.