Marahaba, Sijambo

Mama, shikamoo.

Huku Babati samaki wa ziwani ni watamu, lakini wangu wa jana sikummaliza. Mama Neema mwenye mgahawa akaitazama sahani, akauliza, "Nyumbani kuna mgonjwa?"

Leo nimewafundisha wauguzi wa hapa kuhusu seli za kinga, zile ziitwazo wauaji wa asili. Seli ya mwili ikiugua huweka alama juu yake. Muuaji ana vipokezi vya kuishika alama hiyo, ndipo anapoamka na kuimaliza. Seli mbovu ikificha alama, anaipita tu.

Nikaikumbuka "marahaba, sijambo" yako, uliyoniitikia hata ile siku uliyoshindwa kuinuka kitandani. Mimi simmalizi mtu, mama yangu. Nikipiga simu jioni, niambie panapouma.

Mwanao,
Rehema