Maini ya Mama Mkwe

Mama Penina, mshauri wetu wa redio, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, maana nimechoka hata kulia siwezi. Mimi ni mke wa Ioane, tunaishi hapa kisiwani Savaii na mama yake, Vaisola, ambaye hana meno, na kwa heshima namwekea maini kila tukichinja, sasa kuku wetu waliumwa tukawapa chakula chenye dawa jamii ya penisilini, na kile kisicho na dawa, cha kuwalisha kabla ya kuchinja, hakikuja na meli, basi tukaendelea na kile kile huku tunachinja, nikamwambia Ioane gunia la chakula linasema tusubiri siku kadhaa kabla ya kuchinja, akasema mawe ya moto ya umu, tanuri letu la ardhini, yatamaliza dawa yote, na Jumapili iliyopita mama kula maini tu, midomo ikamvimba, na penisilini hospitali walishamkataza zamani, ndugu wanasema ni mzimu, mimi roho inaniuma, na Jumapili hii tunamlisha mchungaji na mama ameshaagiza maini yake. Ioane anasema, "Ukifungua mdomo, watasema umemlisha mama sumu. Nyamaza, mke wangu." Ninyamaze?

Sinapati

Mwanangu Sinapati, pole. Ulishe kuku, ulishe mkwe, ulishe mchungaji, na lawama zote ziwe zako. Ila umechoka mpaka unaniuliza jambo ambalo jibu lake unalijua.

Mwambie mumeo umu unaivisha nyama, asiutegemee kuondoa dawa. Dawa humtoka kuku taratibu akila chakula kisicho na dawa, na kwenye maini na figo inaweza kukawia zaidi. Akibisha, aje kwangu na mawe yake.

Leo hii mpeleke mama hospitali, umweleze daktari alichokula. Mimi siapi kwamba ni maini, daktari ndiye atakayejua. Kuku msiwachinje wala msiwauze. Walisheni nazi na mabaki ya magimbi hadi siku zilizoandikwa kwenye gunia zipite. Mchungaji apikiwe samaki na palusami, majani ya magimbi kwa tui la nazi, alikuwa anashiba kabla kuku wenu hawajaanguliwa.

Kisha kaa chini mbele ya mkwe wako, umwambie habari ya dawa ya kuku kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume Ioane. Atakutukana, na mawifi zako watadakia. Mwache atukane, mwanangu. Si ndicho unachokitaka, awe na pumzi ya kukutukana?