Chupa ya Shira

Kaka mpendwa,

Pokea salamu, na kabla hujauliza, afya yangu ni ya kutisha: suruali zote zinanibana. Wewe je, kifua kimekuachia? Huko kambini bado mnachemshiwa maji mnaambiwa ni supu? Mama hajambo, ni magoti tu. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha mimi, si yenyewe iliyoniacha.

Siku hizi mimi ni mtu mzito pale kwenye duka la mikate. Fundi amenikabidhi sufuria ya shira, ile sukari tunayoichemsha na maji mpaka inanata, ya kupaka juu ya keki. Wengine hupima, mimi naitazama tu nikajua imeiva. Saa nne asubuhi naondoka, narudi kumlea mwanao Bonge mpaka shemeji atoke kushona kiwandani. Si nilikuandikia ninavyomlaza? Dakika tano, kimya. Jirani mwenye watoto sita alikuja kuniuliza siri yangu, nikamwambia hiki ni kipaji, hakifundishwi.

Sasa habari za meno. Wiki iliyopita mimi na shemeji tulimpeleka Bonge hospitali. Yale manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yamebaki vijiti vya kahawia, na mtoto ana miaka miwili na nusu tu. Daktari wa meno, mama mmoja mfupi asiyecheka, aliyang'oa yote. Mimi nilishika miguu. Unajua nimewahi kupigana na watu wawili kwa mpigo, lakini ile miguu midogo ilinishinda, ikabidi muuguzi anisaidie. Nikasema kwani si ya utoto tu, yataota mengine. Daktari akajibu kwamba hayo mengine mpaka afike miaka saba hivi, na hadi hapo atang'atia pembeni.

Kisha akauliza mtoto analala na nini mdomoni. Shemeji akasema usiku anamnyonyesha mara moja, na mchana anamwachia maziwa kwenye kikombe. Daktari akatikisa kichwa, akasema hayo si meno yaliyoharibiwa na ziwa la mama. Ni kitu kitamu kinachobaki mdomoni mtoto amelala, mate yamepungua. Kinakula ya juu kwanza, ya chini yamefunikwa na ulimi. Mimi nilikuwa nasoma bango la mswaki ukutani. Nililisoma mara nne.

Mama hakutaka kusikia ya daktari. Akakupigia, akakwambia maziwa ya shemeji ni mabovu tangu mwanzo. Nawe ukajibu, sauti ya simu ikiwa juu, tukasikia sote: mwisho wa mwezi afungashe vyake, mtoto abaki kwa Mama. Shemeji hakulia. Aliendelea kukunja nguo za Bonge, akizipanga kwa rangi.

Kaka, ni mimi. Ulipoondoka tu, Bonge ana miezi minane, nilianza kuchovya chuchu ya chupa kwenye shira. Baadaye nikawa najaza chupa yenyewe, shira na maji nusu kwa nusu, naiacha mdomoni mpaka aamke. Kipaji chenyewe ndicho hicho. Meno yalipotoka na madoa meupe, nilidhani ni maziwa, nikayafuta kwa kidole. Yalipogeuka kahawia nilijua, nikaendelea. Bila chupa angelia, na mtaa mzima ungesikia.

Jana nilimfuata shemeji jikoni nimwambie. Kumbe alishaikuta chupa chini ya godoro langu siku ile ile tuliyotoka hospitali, imejaa sisimizi. Nikamuuliza mbona hakukueleza. Akasema, "Nikisema mimi nitaitwa mwongo. Wewe ukisema utaitwa mtoto." Nina miaka kumi na tisa.

Mama naye nimemweleza leo asubuhi. Akaniambia nisikuandikie neno, mke hupatikana mwingine. Akaondoka na simu yake kwenda sokoni. Barua hii naipeleka posta kabla hajarudi.

Mpigie shemeji kwa simu ya kiwandani, usimpigie Mama. Mimi uje unimalize mwenyewe.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Mama anakusalimu, na Bonge pia, mdomo bado umevimba. Shemeji hakuniagiza salamu, na sikuthubutu kumwomba.

Ni mimi mdogo wako.