Jointi ya Nukta Mbili

Kwako kaka yangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila goti linamsumbua ngazi zikizidi kumi, na za kwake ni kumi na nne, nimezihesabu. Hajui kuwa nakuandikia. Anwani yako nimepewa na yule muuza matairi aliyekukuta huko ukitengeneza pampu za maji. Anasema umeota mvi. Nilipomuuliza ngapi, alicheka mpaka akakaa chini, akasema sasa ameelewa kwa nini uliniita Hesabu.

Kaka, sitazunguka mbuyu. Nina lawama nawe, na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa utanivumilia. Ni miaka minane na miezi minne tangu uchukue begi lako moja ukaondoka bila kuaga. Uliniachia banda la mabati, jeki inayovuja na wateja wawili. Leo banda hilo ni gereji ya magari matatu kwa mpigo, lina mafundi wanne, na sakafu yake ya saruji niliipiga kwa mwiko wangu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Nakwambia ujue tu kwamba sikukaa nikilia.

Ila benchi lako lipo pale pale. Fundi mpya akiweka spana juu yake namwondoa bila maelezo, na wananiita mkorofi nikiwapa kisogo.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Jumanne iliyopita Mwokaji aliingia akichechemea. Ndiye yule yule wa mikate, aliyekuwa akishindana kwenye vilima vya mchanga, na alikuja na kigari chake kile kile, mifupa ya vyuma na injini mgongoni. Tangu kimpindue na kumvunja mguu, alikuwa amekificha nyuma ya tanuri lake, nusu kivulini, nusu juani. Mwezi uliopita hamu ikamzidi, akakitoa. Lakini kilikuwa kinalia nyuma, tik, tik, tik, naye ameshajiamulia kuwa ni beringi ya gurudumu.

Nilimwambia abaki na unga wake. Beringi huvuma, tena haijali mguu wako uko wapi. Hii inalia ukikanyaga mafuta, ukiachia inanyamaza, na hiyo ni jointi ya shafti, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Nilianza na bolti, kama ulivyonifundisha, kwamba fundi mvivu hubomoa mlango kabla ya kukaza bawaba. Jointi nne, bolti sita kila moja, zote ishirini na nne zilikuwa zimekaza. Gurudumu lake likizunguka mara moja linakula mita mbili na sentimita arobaini. Nikachora mistari miwili ya chaki, mita ishirini na nne katikati, nikamwambia apite polepole akikanyaga mafuta huku ameshika breki kidogo. Mlio ulisikika mara kumi kamili. Basi kibovu kinazunguka pamoja na gurudumu.

Kushoto au kulia? Hapo ndipo nilipokwama. Zamani gari likipita wewe ulikuwa ukikimbia ubavu wake wa kushoto, mimi wa kulia, tukifika mwisho kila mmoja ananyoosha kidole, na anayekosea anaosha vipuri. Mimi niliosha mara thelathini na moja. Wewe mara mbili, na moja ulinihurumia. Safari hii nilikimbia kulia, nikarudi nikakimbia kushoto, na kila ubavu niliokimbia niliusikia mlio ukitoka ubavu wa pili, kule ulikopaswa kuwa wewe. Mwokaji akauliza kama nimechoka. Nikamwambia ni vumbi.

Nikafungua jointi za nje, pande zote mbili. Ya kulia, niliyoifunga mimi baada ya ajali, mpira wake wa kuifunika ulipasuliwa na jua, mchanga ukaingia, na gololi zimeliwa kama meno ya mla peremende. Ya kushoto ilikuwa nzima, grisi yake safi. Niliifuta kwa kitambaa, na pembeni mwa kikombe chake cha chuma nikaona nukta mbili za tindo. Alama yako. Yangu ilikuwa moja. Nikaisukuma kwa vidole viwili, lile jaribio lako, ikalala upande na kurudi bila kukwama, kama ulivyoiacha.

Kaka, nilipofika hapa niliiacha barua nikaenda kwa Mama, maana ilinibidi nianze na yeye. Sasa nimerudi, nikuambie na wewe.

Ile jointi iliyovunjika siku ya ajali ya Mwokaji ilikuwa yangu. Niliifunga asubuhi ya mashindano, nikaipachika nyota yake kinyume, kile kipande cha katikati chenye mifereji sita. Gololi ziliingia zote, nikatazama saa, sikuisukuma kwa vidole. Ilipopinda kilimani ikang'ang'ania, ikapasuka. Mwokaji akiwa bado anapiga kelele mchangani, niliokota kipande kabla yako, nikaona nukta moja. Nikakitia mfukoni, nikasema mbele za watu kuwa ni kazi ya mkono wako. Wewe uliutazama mfuko wangu, kisha ukasema ndiyo, ni kazi yako. Nilikulaumu kwa kuondoka. Kumbe kilichoniuma ni kwamba ulijua.

Mwokaji naye ameshajua, nilimpitia nikitoka kwa Mama. Alikipima kile kipande mkononi kama anapima donge la unga, akasema mguu wake ulishaunga siku nyingi, lakini ni yeye aliyelichafua jina lako kila duka, na anataka kulisafisha kwa mdomo wake, wewe ukiwepo. Mpaka hapo kigari hakitoki. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu huko unapikiwa na nani, kisha akaniomba nimwache peke yake.

Jointi mpya ya kulia nimeifunga. Inalala kwa vidole viwili. Ya kushoto nimeiosha tu, na gololi zake sita ziko kwenye kitambaa cheupe juu ya benchi lako. Naweza kuifunga kwa dakika arobaini. Sitaifunga.

Ndani ya bahasha utakuta kile kipande. Kina gramu themanini na tano, ndiyo maana stempu zimejaa. Ukitaka kumwonyesha mtu, mwonyeshe.

Nisalimie wote unaoishi nao vizuri. Muuza matairi anakusalimu, na Mama anakusalimu, sasa kwa kujua. Kama hutakuja, niandikie hivyo, nitaelewa. Ukija, njoo na viatu vya kukimbilia. Ubavu wa kushoto hauna mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Hesabu